Maswali ya Kwenye Tangazo la Kazi: Mafunzo Niliyopata

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandaa matangazo ya kazi na kupokea maombi, zamani yakija kwenye bahasha za kaki, siku hizi kwa fomu za mtandaoni. Kabla ya hapo nilikuwa mwombaji kama wengine, nikizunguka Dar es Salaam na nakala za vyeti zilizogongwa muhuri wa wakili. Siku hizi barua yako haijasomwa na mtu yeyote, tayari kompyuta imekuuliza maswali matano au sita ya mchujo. Ukijibu moja tofauti na inavyotakiwa, ombi limeishia hapo. Nawaandikia wanaotunga maswali hayo, kwa sababu ninajua yanavyotungwa haraka haraka jioni ya kuamkia siku ya tangazo, na ninajua hasara yake inamwangukia nani.

1. Swali ambalo jibu lake linajulikana halichuji mtu

"Je, unaweza kufanya kazi chini ya shinikizo?" "Je, wewe ni mwaminifu?" Sijawahi kuona fomu iliyojibiwa hapana. Mwizi anajibu ndiyo, mwaminifu anajibu ndiyo, na mwajiri anabaki pale pale alipokuwa. Maswali haya yafutwe.

2. Miaka ya uzoefu inapima muda, haipimi kazi

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ndilo linaloangusha watu wengi. "Je, una uzoefu usiopungua miaka mitano?" Mwenye miaka minne na miezi minane, kama ni mkweli, anabonyeza hapana na kutoka. Mwenzake aliyejumlisha miezi ya mafunzo kwa vitendo na ya kusubiri ajira anabonyeza ndiyo na kupita. Fomu imemwadhibu mkweli, na mwajiri hatajua kamwe.

Watafiti wameliangalia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1998 Wamarekani wawili, Frank Schmidt na John Hunter, walichapisha majumuisho ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuteua wafanyakazi. Kwa kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni kubashiri bila kukosea, miaka ya uzoefu ilipata 0.18. Kumpa mtu sehemu ya kazi yenyewe aifanye kulipata 0.54. Tafiti za baadaye zimezishusha baadhi ya tarakimu zao, lakini miaka ya uzoefu haijawahi kupanda.

Nimeliona kwa macho yangu tulipokuwa tukitafuta mtunza stoo. Tuliondoa sharti la miaka, tukamwekea kila mwombaji mezani karatasi tatu: hati ya kupokelea mzigo, ankara na ukurasa wa leja. Hati ilionyesha katoni 240 zimeingia. Ankara ilidai 250, na kwenye leja mtu alikuwa ameandika 250. Wengi wa wenye wasifu mrefu walikagua kujumlisha na kutoa, wakasema hesabu ziko sawa. Akaja binti aliyekuwa akimsaidia shangazi yake kwenye duka la jumla Kariakoo, asiye na barua ya ajira hata moja. Alizipanga karatasi sambamba, akaweka kidole kwenye ile 240, akaniuliza: "Samahani dada, hizi kumi hazikupakiwa, au zimeshukia njiani?" Hilo ndilo swali la mtunza stoo. Kwa fomu ya kawaida, binti yule asingefika hata mlangoni.

3. Yapo maswali ambayo sheria imeshayajibu

Nikiwa mwombaji nilipewa fomu ya kazi ya keshia iliyouliza: umeolewa? Una watoto wangapi? Unatarajia kupata mtoto ndani ya miaka miwili ijayo? Pembeni yangu alikaa kaka mmoja aliyeomba nafasi ileile. Fomu yake haikuwa na sehemu hiyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila au mahali mtu alipotoka, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU, umri na mengine. Maofisa wengi wanadhani inamlinda aliyekwisha kuajiriwa tu. Sivyo. Inamgusa mwombaji, inagusa wakala wa ajira, na inataja matangazo na vigezo vya uteuzi waziwazi. Inaruhusu kutofautisha pale kazi yenyewe inapodai sifa hiyo. Kupokea fedha dirishani hakudai tumbo lisilo na mimba, na "mwonekano wa kuvutia" hauhitajiki kupokea simu mapokezi.

4. Sharti kali lenye sababu linaelezeka

Matangazo ya utumishi wa umma hutaka mwombaji asizidi miaka 45, na watu hulalamika. Lakini piga hesabu: kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na pensheni inadai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Unaweza kulipinga sharti hilo, ila sababu yake unaiona. Sasa nieleze "umri usiozidi miaka 28" kwa msaidizi wa ofisi. Nimewauliza mameneja zaidi ya mmoja. Jibu lilikuwa kwamba ndivyo tangazo lililopita lilivyoandikwa.

5. Usimtoze asiye na kazi gharama ya kuomba kazi

Nchini Kenya, vijana walikuwa wakidaiwa rundo la vyeti kabla hata ya usaili: cha tabia njema kutoka polisi, cha kodi, cha mkopo wa elimu ya juu, cha taasisi za taarifa za mikopo. Fikiria kumtaka asiye na kazi athibitishe kwamba hadaiwi mkopo wa masomo, deni ambalo anatafuta kazi alilipe. Mwaka 2022 Kenya ilirekebisha Sheria ya Ajira: mwajiri asidai vyeti hivyo mpaka awe anakusudia kumpa mtu mkataba. Waajiri wa Tanzania hawana haja ya kusubiri kulazimishwa.

6. Mshahara wa sasa si kipimo cha thamani ya mtu

Aliyepunjwa kwa mwajiri wa kwanza atapunjwa na wa pili, kwa sababu wa pili anaongeza kidogo juu ya kile kidogo. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2016 ya kuwazuia waajiri wasiulize mshahara wa mwombaji. Tangaza unacholipa, asiyekitaka hataomba, na muda wenu wote wawili utakuwa umeokolewa.

Ndugu zangu mnaoshughulikia ajira, kabla hamjatoa tangazo lijalo, andikeni mbele ya kila swali ni kazi gani ya siku ya kwanza inayolihitaji. Lile litakalokosa jibu, lifuteni siku hiyohiyo, hata kama aliyeliweka ni mkurugenzi.