Kwa Nini Majani Yaliyochumwa Hugeuka Manjano

Kila mkulima wa mboga aijua hasara hii: achuma majani ya sukuma wiki yakiwa mabichi na ya kijani, na siku ya tatu mnunuzi ayakataa kwa kuwa yamegeuka manjano. Yafaa basi kujua sababu yake.

Ndani ya jani mna vichembe vidogo mno, viitwavyo kloroplasti. Humo ndimo jani hutengenezea chakula cha mmea kwa nguvu za jua. Jani likizeeka, protini za vichembe hivyo huvunjika na rangi ya kijani hutoweka, ndipo manjano iliyofichika huonekana. Jani lililochumwa huzeeka upesi, kwani halipati tena kitu kiletwacho na utomvu kutoka mizizini. Nalo jani lililokatwa, likiota mizizi kikonyoni, hukaa kijani muda mrefu.

Mwaka 1955 wataalamu wa Wisconsin, Marekani, walitangaza dawa iitwayo kinetini. Mwaka 1957 Richmond na Lang waliweka majani yaliyokatwa katika maji yenye dawa hiyo, wakaona kwamba yalikawia kupoteza rangi na protini kuliko yale yaliyowekwa katika maji matupu. Baadaye dawa ya jamii hiyo, zeatini, ilipatikana katika punje changa za mahindi. Basi si kitu kigeni kwa mimea. Mizizi yenyewe huitengeneza na kuipeleka majanini.

Lakini dawa hiyo huchelewesha uzee tu, haiuzuii. Wala haifai mkulima kunyunyizia mboga za kuliwa dawa asiyoelekezwa na mtaalamu. Yako mambo yasiyo na gharama:

1. Chuma alfajiri, kabla jua halijawa kali.

2. Weka mboga kivulini, uzifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu. Ubaridi huchelewesha uzee wa jani.

3. Usizipakie pamoja na ndizi, maembe au mapapai yaliyoiva. Matunda hayo hutoa hewa iitwayo ethileni, nayo huharakisha majani kugeuka manjano.

4. Usizibane wala kuzichubua. Jani lenye jeraha huharibika kwanza.

Akumbuke mkulima kwamba jani lililokwisha kugeuka manjano halirudishwi ukijani kwa maji wala kwa kivuli. Kazi ya kulihifadhi huanza saa ile ile lichumwapo.