Somo: Kutengeneza DVD Isiyokwama



Filamu yetu kuhusu kisima ilionyesha vizuri ofisini. Kwenye deki ya kigango iliganda mara tatu, na akina mama waliokuja kuona michango yao ilivyotumika wakaondoka bila kuona mwisho wake. Kosa lilikuwa letu: tuliweka kiwango cha juu kabisa, tukidhani ndicho bora.

Tumejifunza haya. DVD huruhusu video hadi megabiti 9.8 kwa sekunde, lakini baadhi ya deki hushindwa kusoma diski ya kuchoma kwa kasi hiyo. Katika programu ya kubana video, chagueni MPEG-2 ya mfumo wa PAL, yaani nukta 720 kwa 576 na picha 25 kwa sekunde. Wekeni wastani wa megabiti 5, na kilele kisizidi 8. Sauti iwe AC-3 ya kilobiti 192, kwani sauti isiyobanwa hula nafasi ya picha. Hivyo dakika 90 zitaenea kwenye diski ya GB 4.7.

Mwisho, ijaribuni diski kwenye deki kuukuu kuliko zote kabla ya kuita watu. Muda wao nao ni mchango.