Kuchagua Draiva ya Taa ya LED Iliyoundwa Nyumbani

Katika soko la samaki la Feri kazi huanza kabla ya mapambazuko. Samaki hunadiwa, hupimwa na hukaangwa chini ya mwanga wa taa, na baadhi ya taa hizo zimeundwa na wenyewe: chipu za LED zilizonunuliwa Kariakoo, kipande cha bati la alumini kutoka kwa fundi wa Gerezani, nyaya mbili, na kidude kidogo kiitwacho draiva. Taa ya namna hiyo ikifa mapema, mwenyewe huilaumu chipu. Kwa maoni yetu, lawama hiyo mara nyingi ingestahili kwenda kwa draiva, au kwa namna ilivyoombwa dukani.

Mnunuzi husema, “Nipe draiva ya wati kumi.” Ombi hilo halijakamilika. Balbu ya zamani yenye uzi ndani yake hujidhibiti: uzi ukipata moto, ukinzani wake huongezeka na mkondo hupungua. Chipu ya LED hufanya kinyume. Chipu nyeupe ya wati 1 huhitaji takriban volti 3, na volti zikizidi kidogo tu, mkondo hupanda kwa kasi. Isitoshe, chipu inavyopata joto ndivyo inavyohitaji volti chache zaidi. Hivyo ikilishwa kwa volti zisizobadilika huendelea kuvuta mkondo mwingi, joto huongezeka, na hatimaye huungua. Ndiyo sababu chipu tupu hazipaswi kuunganishwa moja kwa moja na chaja ya simu wala betri. Zinahitaji draiva inayoshika mkondo usibadilike, na jambo la kwanza la kuulizia dukani ni miliampea. Wati hufuata baadaye.

Tuchukue mfano. Mama anayekaanga samaki amenunua chipu 10 za wati 1, kila moja ikiwa imeandikiwa miliampea 300. Fundi anaziunga kwa mstari mmoja, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Katika mstari wa namna hiyo mkondo ni uleule kwa chipu zote, bali volti hujumlishwa: kumi mara 3 hadi 3.4, yaani volti 30 hadi 34. Draiva inayomfaa ni ile ambayo lebo yake, upande wa kutoka, inasema miliampea 300 na volti 24 hadi 42. Hesabu ya 33 iko ndani ya mpaka huo. Akipewa ya miliampea 600, taa itang'aa vizuri sana dukani na kumfurahisha, kisha chipu zitaungua baada ya muda mfupi. Akipewa ya volti 9 hadi 12, ambayo ni ya chipu tatu, taa haitawaka au itapepesa tu. Kwa anayetaka taa idumu, tunashauri mkondo ulio chini kidogo ya ule ulioandikwa kwenye chipu. Mwanga unaopotea ni mdogo, joto linalopungua ni kubwa.

Mafundi wengine huweka mistari miwili sambamba kwenye draiva moja ya miliampea 600. Hesabu yake ni sahihi, lakini chipu moja ikikatika, mstari uliobaki hubebeshwa mkondo wote. Afadhali draiva mbili.

Wenye kutumia betri, wakiwamo wavuvi wa dagaa waliokwisha kuachana na karabai, wana hesabu yao. Betri ya volti 12 haikai kwenye 12: ikiwa inachajiwa hufika 14 na zaidi, na ikitumika hushuka. Mstari wa chipu tatu hutosheka na draiva ya kushusha volti. Mstari wa chipu kumi huhitaji ya kupandisha. Betri ya ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Taa ya wati 10, pamoja na upotevu ndani ya draiva, huvuta takriban wati 12, hivyo betri ingemalizika kwa saa 7. Lakini betri ya asidi na risasi inayomalizwa kila usiku hufa upesi. Ikiishia nusu, hesabu ni saa tatu na nusu.

Tunakuja kwenye jambo lisilo na masihara. Umeme wa gridi yetu ni volti 230. Draiva nyingi za bei ya chini hazina transfoma inayotenganisha upande wa kuingia na upande wa kutoka. Taa huwaka kama kawaida, ila nyaya za chipu, na pengine bati lenyewe, huwa na umeme unaoweza kuua. Ndani ya kasha la plastiki lililofungwa kiwandani draiva hiyo inaweza kukubalika. Kwenye bati lililo wazi, juu ya sakafu yenye maji ya chumvi, karibu na mtu mwenye mikono iliyolowa, haikubaliki kamwe. Tafuta kwenye lebo herufi SELV, zinazomaanisha kwamba upande wa kutoka umetenganishwa na ni wa volti salama. Multimita husaidia kwa sehemu: draiva ikiwa haijachomekwa, kipimo kikionyesha njia kati ya pande hizo mbili, irudishe, kisipoonyesha, huo bado si uthibitisho. Kwa meza ya Feri tungependelea betri kuliko waya wa ukutani, hata kama ni usumbufu.

Chumvi nayo hula viungo. Alama IP67 humaanisha kwamba kasha halipitishi vumbi na huvumilia kuzamishwa majini kwa muda mfupi. Viungo vya nyaya nje ya kasha hubaki kuwa juu yako.

Ukiwa Kariakoo, nenda na chipu zako, uombe draiva iwashwe mbele yako, na upewe risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, miliampea na volti zake. Kiwango cha kimataifa cha draiva hizi ni IEC 61347-2-13. Lebo isiyotaja kiwango, mtengenezaji wala mkondo haistahili fedha yako. Tangazo la “mali ikiuzwa hairudishwi” halimwondolei muuzaji wajibu wa kukupa kitu kinacholingana na maelezo yake, kwa kuwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji.

Nyumbani, pima mkondo kabla ya kuitundika taa. Iache iwake nusu saa, ichomoe, kisha ugusie bati kwa nyuma ya mkono. Likikushinda kulishika, ongeza ukubwa wa bati au punguza mkondo.