Uchaguzi wa Rimu na Matairi ya Gari la Njia Mbovu

Gari lenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne laweza kuwa na injini madhubuti na gia za kila namna, lakini linapokutana na ardhi ni vipande vinne tu vya mpira, kila kimoja kidogo kuliko ukurasa wa daftari la mwanafunzi. Mwenye fedha chache, kama vile shule yenye gari moja la kubebea chakula, au zahanati iliyo ng'ambo ya mbuga ya udongo mweusi, hana budi kufahamu fedha zake zinanunua nini hasa. Matairi yasiyofaa hudumu garini kwa miaka, na mgonjwa hangoji yachakae.

Watu wengi huamini kwamba tairi pana ndilo dawa ya mchanga na matope. Imani hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowapotezea fedha. Ichukuliwe kuwa gari pamoja na mizigo yake lina tungamo la kilo 2,000, lililogawanyika sawasawa. Kila gurudumu hubeba kilo 500, yaani kani ya nyutoni 4,900 hivi. Upepo ukiwa na kanieneo ya kilopaskali 250, ambayo ni kama paundi 36 kwa inchi ya mraba katika geji za gereji nyingi, eneo la wayo wa tairi, yaani sehemu inayolalia ardhi, hupatikana kwa kugawa kani kwa kanieneo: 4,900 ÷ 250,000 = meta ya mraba 0.0196, au sentimeta za mraba 196.

Katika hesabu hiyo upana wa tairi haukutajwa popote. Tairi la milimeta 265 likijazwa upepo uleule wa tairi la milimeta 235 hupata wayo wa eneo karibu lilelile. Kinachobadilika ni umbo, kwani wayo huwa mpana zaidi na mfupi zaidi. Lakini upepo ukipunguzwa hadi kilopaskali 125, eneo hufikia sentimeta za mraba 392, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo huja kwa urefu, mfano wa mnyororo wa tingatinga. Wayo mrefu hutandaza uzito bila kusukuma kilima cha mchanga mbele ya gurudumu. Nafuu hiyo hainunuliwi. Hupatikana kwa kubonyeza kijiti cha valvu. Faida ya kweli ya tairi kubwa ni kwamba hewa yake nyingi huliwezesha kubeba mzigo uleule kwa upepo mdogo zaidi bila kuumia.

Tairi lenye upepo mdogo hujikunja na kujikunjua kila mzunguko, na kazi hiyo hugeuka kuwa joto. Kwa hiyo dereva aende polepole, na ajaze upepo tena kabla ya kurudi kwenye lami. Tairi lenye mpira wa ndani laweza pia kuteleza juu ya rimu na kukata shina la valvu. Hivyo vitu vya kwanza kununuliwa ni geji ya kuaminika na pampu, hata kabla ya kuulizia bei ya tairi lolote.

Baada ya hapo ndipo tairi lisomwe. Mfano ni 235/85 R16 120/116 Q. Upana ni milimeta 235. Kimo cha ubavu ni asilimia 85 ya upana huo. R huonyesha kuwa nyuzi zake zimelazwa kutoka ukingo hadi ukingo, na rimu ina kipenyo cha inchi 16. Namba 120 si kilo. Ni namba ya jedwali, na maana yake ni kilo 1,400 kwa tairi lililofungwa peke yake. 116, yaani kilo 1,250, ni kwa matairi yaliyofungwa mawili mawili. Q ni mwendo usiozidi kilometa 160 kwa saa. Muuzaji aghalabu husifu meno ya tairi na kuinyamazia namba ya mzigo, ilhali hiyo ndiyo inayotofautisha tairi la gari la kazi na lile la teksi.

Tarehe nayo imeandikwa ubavuni: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tarakimu zikiwa tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halifai kwa bei yoyote. Mpira huzeeka hata ghalani, kwa sababu oksijeni na ozoni huushambulia hadi ukapata nyufa, japo meno yangali marefu.

Kuhusu kimo, busara ni kubaki na kipimo cha kiwanda. Land Rover Defender ya zamani, iliyoacha kutengenezwa mwaka 2016, ilivaa 7.50 R16 au 235/85 R16. Kipenyo cha tairi hili la pili ni milimeta 806 hivi. Likibadilishwa kwa 285/75 R16, kipenyo huwa milimeta 834. Kani ya kusukuma gari ni momenti ya ekseli ikigawanywa kwa nusukipenyo. Basi kani hiyo hupungua kwa zaidi ya asilimia 3, na mshale uliokuwa sahihi ukionyesha 80, mwendo halisi ni karibu 83. Kununua mawili tu ya kimo tofauti ni vibaya zaidi: gia za mbele na nyuma zikifungwa pamoja, mizingo isiyolingana huzivuta kinyume.

Rimu za chuma cha pua la kawaida zisidharauliwe. Chuma hupinda kabla ya kupasuka, na fundi huweza kukinyoosha. Rimu ya aluminiamu ni nyepesi na nzuri kwa macho, lakini pigo kubwa huipasua. Matundu ya skrubu sharti yalingane: Defender ina matano kwenye duara la milimeta 165.1, Hilux ya magurudumu manne ina sita kwenye milimeta 139.7. Rimu inayotoa gurudumu nje kwa milimeta 30 huongeza momenti ya 4,900 × 0.03, yaani nyutoni-meta 147 juu ya beringi, gari likiwa limesimama tu.

Meno makubwa yaliyoachana hujisafisha matope, lakini mchangani huchimba, na kwenye lami huvuma na kuisha upesi. Kwa gari linalopita njia zote, meno ya wastani hutosha.

Darasani hesabu ya wayo yaweza kupimwa. Gari liwekewe vizuizi, gurudumu moja liinuliwe kwa jeki, lipakwe wino, kisha lishushwe juu ya karatasi ya grafu iliyobandikwa kwenye ubao. Wanafunzi wahesabu miraba ndani ya mzingo wa alama, kwa upepo wa kilopaskali 250 na tena kwa 150. Jibu litatofautiana na la hesabu, kwa kuwa ubavu wa tairi nao hubeba sehemu ya mzigo. Kisha wahesabu miraba yenye wino peke yake, ili waone ni sehemu gani ya wayo imeachwa tupu na mianya ya meno.