IJUE BODI MAMA KABLA YA KUIKIMBIZA

Wahenga walinena kuwa usione vyaelea, vimeundwa. Mpenzi msomaji, kila siku tunaiona tarakilishi ikiandika, ikipiga hesabu na kuchapa, lakini ni wachache wetu tuliowahi kuifungua tukaona kilichomo tumboni. Katika makala haya nataka tujifunze mambo mawili: jinsi ya kuitambua bodi mama ya tarakilishi kuukuu, na jinsi ya kuiongezea prosesa mwendo kupita ule iliopewa kiwandani. Nitakueleza pia nilivyoteleza, ili nawe usiteleze papo hapo.

Mama yangu ana kiduka cha kuchapa barua na kutoa kopi. Chombo chake cha kazi ni tarakilishi ya mezani aliyoinunua mtumba. Muhula wa kwanza ikawa nzito kama kobe. Mteja anafika, anangoja, anachoka, anaenda kwa jirani. Jioni moja nilipotoka shuleni mama akanipa shilingi 800 alizokuwa ameweka za bili ya maji, akasema, "Wewe ndiwe msomi wa nyumba hii. Hebu itafutie dawa."

Nilienda mjini mbio nikanunua kadi ya memori bila kujua bodi yetu ni ya aina gani. Kumbe nilinunua ya DDR3 na bodi yetu inataka DDR2! Kadi hizi mbili zina urefu mmoja na pini 240 kila moja, lakini pengo lililokatwa kwenye ukingo wa chini haliko mahali pamoja. Niliisukuma ikakataa. Ni bahati kwamba sikuongeza nguvu, la sivyo ningevunja kitako chake. Muuzaji naye akasema mali ikishauzwa hairudi. Basi pesa za maji zikaenda na maji, na mama hakuniambia neno. Kimya chake kiliniuma kuliko kiboko.

BODI MAMA NI NINI?

Ni ule ubao mpana ambao vifaa vyote vya tarakilishi hushikana juu yake. Prosesa, ambayo ndiyo akili, hukaa hapo. Memori hukaa hapo. Diski, kibodi na skrini huunganishwa hapo kwa nyaya. Bodi ndiyo huamua ni prosesa gani itakubalika, ni memori ya aina gani na kiasi gani, na kama mwendo unaweza kubadilishwa au la. Kwa hivyo ukitaka kuitengeneza tarakilishi yoyote, swali la kwanza ni: bodi yake yaitwaje?

JINSI YA KUITAMBUA

Usidanganywe na kibandiko kilicho nje ya kasha. Kasha hubadilishwa kama shati. Yetu ilikuwa na kibandiko cha prosesa ambayo haikuwa ndani kabisa. Fuata njia hizi:

1. Tumia programu. Kama ina Windows 10, andika msinfo32 mahali pa kutafutia, kisha soma mistari inayotaja "BaseBoard". Kama ina Linux, amri ya dmidecode itakupa jina lile lile. Kuna pia programu ya bure iitwayo CPU-Z, ambayo huonyesha bodi, prosesa na memori.

2. Soma skrini inapowaka. Bodi nyingi za zamani huandika jina au namba zao katika sekunde chache za kwanza. Bonyeza kitufe cha Pause maandishi yasikimbie, uyanakili kwenye daftari.

3. Fungua kasha. Zima, chomoa waya wa stima ukutani, kisha gusa chuma cha kasha ili umeme uliomo mwilini mwako utoke. Toa skrubu kwa bisibisi, pangusa vumbi, halafu tafuta jina lililochapishwa kwenye bodi yenyewe. Mara nyingi liko katikati ya vitako vya kadi au karibu na prosesa. Lile kasha dogo la chuma ambalo waya wa stima huingia usilifungue kamwe. Hubaki na umeme hata likiwa limechomolewa.

Yetu ilikuwa na maandishi makubwa: GA-G31M-ES2L, nayo ni bodi ya Gigabyte. Pembeni kulikuwa na neno REV na namba. Usiipuuze namba hiyo. Bodi mbili zaweza kuwa na jina moja na zikatofautiana kwa toleo, na kitabu cha maelezo cha moja kisiifae nyingine. Kwa jina hilo nilipata kitabu chake nikasoma kwamba ina vitako viwili vya DDR2 na mwisho wake ni gigabaiti 4. Prosesa ilikuwa Pentium E5200, ambayo Intel iliitoa mwaka wa 2008. Tulikuwa na memori ya gigabaiti 1 tu.

MWENDO HUTOKA WAPI?

Pesa zilikuwa zimekwisha, kwa hivyo nikafikiria mwendo wa bure. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, kama moyo. Bodi hutoa mapigo ya msingi, nayo prosesa huyazidisha kwa namba yake iitwayo kizidisho. Ya kwetu ilikuwa hivi:

Mapigo 200 x kizidisho 12.5 = megahezi 2,500.

Kizidisho cha E5200 hakipandi juu ya 12.5. Njia iliyobaki ni kuongeza mapigo ya msingi. Nikiweka 240:

240 x 12.5 = megahezi 3,000.

Hiyo ni nyongeza ya asilimia 20 bila kutoa hata ndururu. Inawezekanaje? Kiwanda huzipima prosesa na kuziuza kwa mwendo ambao zote za jina hilo zitaumudu bila taabu, kwa hivyo nyingi hubaki na akiba ya nguvu. Mfano uliovuma sana ni Celeron 300A ya mwaka wa 1998. Kizidisho chake kilikuwa 4.5 na mapigo yake 66. Watu waliiweka kwenye bodi yenye mapigo 100, na nyingi zikakimbia megahezi 450 badala ya 300.

Lakini si kila bodi inakubali. Tarakilishi nyingi za ofisini, kama zile za Dell na HP, hazina ukurasa wa kubadilisha mapigo. Ndiyo maana nasema jina kwanza, mbio baadaye.

HATUA ZA KUONGEZA MWENDO

1. Hifadhi kazi zote mahali pengine kwanza. Mwendo uliozidi waweza kuharibu yaliyomo kwenye diski.

2. Safisha feni na chuma cha kupoza. Mwendo ukipanda, joto nalo hupanda.

3. Washa, ubonyeze Delete mara kwa mara mpaka uingie kwenye Bayosi, yaani ukurasa wa mipangilio ya bodi. Nakili mipangilio yote ya awali kabla ya kugusa chochote.

4. Funga mwendo wa njia ya kadi, PCI Express, kwenye 100, ili usipande pamoja na prosesa.

5. Kumbuka memori. Nayo hufuata mapigo ya msingi. Yetu ilikuwa 200 x 4 = 800, na 800 ndio mwisho wake. Kwa mapigo 240 ingekuwa 960, ikashindwa. Nikashusha kizidisho chake hadi 3.33, ikawa karibu 800 tena.

6. Panda ngazi kwa ngazi: 210, 220, 230. Kila ngazi, iendeshe kwa kazi nzito nusu saa huku ukitazama joto. Mimi nilijiwekea mpaka wa nyuzi 70.

7. Usiguse volti. Volti nyingi huua prosesa.

NILIPOTELEZA

Nilifika 240 ikatulia wiki nzima. Hapo tamaa ikaniingia. Jumamosi moja mama alipokwenda sokoni niliruka moja kwa moja hadi 280, ati nipate megahezi 3,500. Nilisahau memori: 280 x 3.33 ni zaidi ya 930. Skrini ikawa nyeusi ti! Nilizima na kuwasha mara tatu. Wapi!

Wakati huo huo akaingia mzee mmoja wa mtaani kuchukua ratiba ya mazishi ya mkewe, ambayo mama alikuwa ameiandika usiku. Mazishi yalikuwa saa nane mchana. Mzee aliketi kwenye benchi, kofia mikononi, akaniambia, "Chukua wakati wako, mjukuu wangu." Jamani, jasho lilinitiririka!

Kilichoniokoa ni kile kitabu cha bodi. Kilionyesha pini mbili za kufuta mipangilio ya Bayosi. Nilichomoa stima, nikazigusanisha kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde chache kama kilivyoagiza, nikarudisha waya. Bodi ikasahau ukorofi wangu wote ikaanza upya kwa 200. Saa yake ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, lakini ratiba ilikuwa salama kwenye diski. Mama alirudi akanikuta nikichapa nakala za mwisho. Mzee alipoondoka, alisema tu, "Mwanangu, kazi ya watu si uwanja wa mashindano." Tangu siku hiyo sijagusa Bayosi saa za kazi.

MATOKEO

Nilirudi 240, kisha nikapima kwa saa, maana macho hudanganya. Kazi ya kubana mafaili ya picha ilishuka kutoka sekunde 62 hadi 52. Huo ni ushindi. Lakini kufungua programu ya kuandikia, kazi ambayo mama huifanya kutwa, kulitoka sekunde 41 hadi 40 tu! Prosesa haikuwa mgonjwa wetu. Memori ilikuwa ndogo, kwa hivyo kila mara tarakilishi ilikuwa ikikimbilia diski, ambayo ni polepole mno.

Niliweka akiba ya nauli kwa kutembea, nikanunua kadi kuukuu ya gigabaiti 2, safari hii nikiwa na jina la bodi kwenye karatasi. Ilikuwa DDR2, na ikaingia bila kusukumwa. Sekunde 40 zikawa 15. Siku hiyo mama alicheka, akaniambia sasa bado deni la maji.

Mpenzi msomaji, kuongeza mwendo ni elimu nzuri, nami sijutii kuijua. Lakini kilichokifaa kiduka chetu ni kulijua jina la bodi. Lingekuwa mfukoni mwangu tangu mwanzo, zile shilingi 800 zingetosha. Kabla ya kutibu, jua unayemtibu. Hapo natia nanga.

MSAMIATI

Bisibisi: chombo cha kufungulia na kukazia skrubu.
Kitako: tundu refu la kupachikia kadi kwenye bodi.
Kizidisho: namba ya kuzidishia mapigo ya msingi.
Ndururu: senti tano za zamani, pesa kidogo sana.

JIPIME

Prosesa ina kizidisho 9 na mapigo 200. Mapigo yakipandishwa hadi 220, mwendo utaongezeka kwa megahezi ngapi? (Jawabu: 180.)