Mwenye kisukari, chunga miguu unapotembea kando ya mto

Mwenye kisukari akiulizwa na daktari kama hufanya mazoezi, mara nyingi hujibu kuwa hana pesa za kuingia jimu. Kutembea hakuhitaji jimu. Wakazi wa Ongata Rongai wana nyasi za kando ya mto Mbagathi, na wale wa Athi River wana uwanda mpana unaopitiwa na mto wa jina hilo. Huko hutasukumwa kando na matatu, na ardhi haiumizi magoti kama lami.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kila wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwendo uwe wa kukuwezesha kuzungumza lakini usiweze kuimba. Misuli ikifanya kazi huchota sukari kutoka kwa damu, ndiyo maana matembezi baada ya mlo hufaa sana. Hata hivyo, usiache dawa zako ati kwa kuwa unatembea.

Wengi huogopa wanyama. Hofu hiyo ina msingi, kwani Mbuga ya Nairobi haina ua upande wa kusini, kwenye Mbagathi, na simba huvuka. Tembea mchana, ukiwa na wenzako, palipo na njia ya wenyeji. Lakini mimi sijapata kumtibu aliyeumwa na simba. Waliochomwa na miiba ni wengi.

Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu na mguu hufa ganzi. Mwiba wa mgunga hupenya kandambili, na mwenyewe asihisi kitu. Huvuka maji yaliyochanganyika na maji taka ya mji, kisha huja kwa daktari baada ya wiki mbili kwa kuwa soksi inanuka. Damu haifiki vyema vidoleni, kidonda hakiponi, na wengine huishia kukatwa mguu.

Kwa hivyo vaa viatu vilivyofunikwa, vyenye soli ngumu, na soksi nyeupe za pamba ili damu ionekane upesi. Papasa ndani ya kiatu kwa mkono kabla ya kukivaa. Usiingie mtoni. Ukirudi, osha miguu kwa maji ya vuguvugu, kausha katikati ya vidole, na utazame nyayo kwa kioo au umwombe mtu wa nyumbani akutazamie. Ukiona jeraha, hata lisilouma, lioshe kwa maji safi na sabuni, lifunike, umwone daktari siku iyo hiyo.

Anayetumia insulini, au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, abebe glukosi au soda ya kawaida. Ukianza kutetemeka, kutokwa na jasho na kuona njaa ya ghafla, keti uinywe papo hapo. Aliye na kidonda mguuni tayari asianze matembezi haya kabla ya kuonana na daktari wake.