SOMO LA AFYA: KUACHA SIGARA SI KAZI YA MTU MMOJA



Masomo yetu ya kawaida huwa juu ya miche, palizi, uchumaji na uanikaji. Somo la leo ni juu ya mchumaji mwenyewe, kwa kuwa mwenye kifua kibovu hapandi mkarafuu.

Wengi wetu twavuta, na katika wavutao wengi wamekwisha kujaribu kuacha. Shida yetu si kutojua madhara. Onyo limeandikwa juu ya pakiti na kila mtu amelisoma. Shida ni kwamba mtu akitaka kuacha hajui pa kushika. Basi somo hili ni juu ya jambo hilo tu: nani wa kumwendea, na kumwambia nini. Kwanza nitaeleza yaliyonipata mimi mwenyewe nilipokuwa safarini Bara.

1. YALIYONIPATA USAGARA

Nilivuta sigara miaka 22. Nilijaribu kuacha mara nne, hapa hapa kisiwani, na mara zote nne sikumwambia mtu. Kila Ramadhani nilishinda mchana kutwa bila ya sigara, nikajiona nina nguvu. Lakini ikilia adhana ya magharibi, tende mkono mmoja na kiberiti mkono wa pili.

Mwaka 2023, baada ya mavuno, nilikwenda kumtazama dada yangu aliyeolewa Usagara, nje ya mji wa Mwanza. Hapo ndipo njia zinapogawana: moja yaelekea Shinyanga, na nyingine yashuka Kigongo penye Ziwa Viktoria, kuvuka kwenda Busisi, Sengerema na Geita. Daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa bado halijafunguliwa. Lilifunguliwa Juni 2025. Siku zile magari yalivuka kwa kivuko, na foleni ilikuwa ndefu. Shemeji yangu ni dereva wa lori. Siku moja nilifuatana naye, na katika foleni ile nilivuta sigara tano kabla zamu yetu haijafika. Nikakohoa hata nikashika mlango wa lori nisianguke.

Akaniambia, "Shemeji, mimi nami nilikuwa hivyo hivyo. Kwa nini huachi?"

Nikamjibu kwamba nimekwisha kuacha mara nne.

"Nani alijua?"

"Hapana aliyejua."

Akacheka. "Basi hukuacha, shemeji, ulijificha tu. Anayeacha kwa siri hurudi kwa siri, wala hapana wa kumwuliza."

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. Kila mara nilikuwa nimejiachia mlango wa nyuma. Jioni ile alimweleza dada yangu mbele yangu, naye dada akawaambia watoto. Asubuhi ya pili akanipeleka zahanati.

Mwuguzi alikuwa binti wa umri wa wanangu. Aliniamkia, akanikalisha, akaniuliza: Wavuta ngapi kwa siku? Ya kwanza waivuta muda gani baada ya kuamka? Umejaribu kuacha mara ngapi, na nini kilikurudisha? Kikohozi kina muda gani? Hakunigombeza hata kidogo. Kwa kuwa kikohozi kilikwisha kupita wiki mbili, alitaka makohozi yangu yapimwe, kwa khofu ya kifua kikuu. Kipimo kile hakilipiwi. Alhamdulillahi, ugonjwa haukuonekana. Kisha tukachagua siku ya kuacha, nayo ilikuwa Ijumaa. Akaniambia, "Rudi Jumatatu, baba, hata kama umevuta. Hasa kama umevuta."

Jumatatu nilirudi kwa haya, maana nilikuwa nimevuta moja Jumapili usiku. Akauliza nilikuwa nikifanya nini kabla ya kuiwasha. Nikasema nilikuwa nikinywa chai ya rangi. "Basi adui yako ni chai," akasema. "Kwa mwezi huu kunywa uji." Nilicheka, lakini nilinywa uji. Leo ni mwaka wa tatu sijavuta.

2. KWA NINI PEKE YAKO NI VIGUMU

Ndani ya tumbaku mna kitu kiitwacho nikotini. Ukivuta, hufika ubongoni kwa muda wa sekunde chache, na ubongo ukizoea hukidai kila siku. Ukinyimwa, mtu huwa na hasira, hukosa usingizi, huona njaa, na mawazo hayatulii. Taabu hii ni kali katika siku chache za mwanzo, kisha yapungua ndani ya wiki mbili mpaka nne. Tamaa yenyewe kila ijapo hukaa dakika chache tu, kisha hupita. Ni katika dakika hizo mtu ahitajiapo mwenziwe.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila majaribio 100 ya kuacha bila ya msaada, hufaulu kama 4 tu. Ushauri wa mtu wa afya pamoja na dawa zilizothibitishwa waweza kuzidisha kufaulu zaidi ya mara mbili. Basi aliyeshindwa peke yake asijione dhaifu. Alifanya kazi ya watu wawili kwa mikono miwili.

Na faida haichelewi. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kupungua. Baada ya saa 12, sumu ya moshi iliyo katika damu hurudi kiwango cha kawaida. Katika miezi 1 mpaka 9, kikohozi na kuhema hupungua. Mwaka mmoja ukitimia, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa kama nusu ya ile ya mvutaji.

3. KARAFUU SI DAWA YA SIGARA

Jambo hili latuhusu sisi kuliko watu wengine. Huko Indonesia, tangu mwisho wa karne ya 19, katika mji wa Kudus kisiwani Java, watu walianza kuchanganya tumbaku na karafuu iliyokatwakatwa. Sigara hizo huitwa kretek. Kwa miaka mingi Indonesia ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, mpaka ilipopanda mikarafuu yake ya kutosha. Tusifiche: sehemu ya fedha iliyoezeka nyumba zetu ilitokana na moshi.

Kwa ajili hiyo wako miongoni mwetu wasemao kwamba sigara yenye karafuu haidhuru kifua. Si kweli. Kila mmoja wetu amekwisha kutia karafuu katika jino bovu, na anajua ganzi yake. Ganzi ile ile hutuliza koo, moshi ukapita bila ya kuwasha, lakini tumbaku ni ile ile na moshi ni ule ule. Marekani ilikataza kuuzwa sigara za karafuu mwaka 2009, kwa sababu ladha kama hizo huwavuta vijana. Na aachaye sigara akahamia tambuu yenye tumbaku, au ugoro, hajaacha nikotini. Amebadilisha njia tu.

4. WAPI PA KUPATA MSAADA

(a) Nyumbani. Mchague mtu mmoja unayemstahi, mke, mume, dada au mtoto mkubwa. Mwambie: "Naacha siku fulani. Ukiniona nina hasira, nistahimilie. Ukinikuta navuta, niulize." Siku moja kabla, toa nyumbani sigara, viberiti vya mfukoni na visahani vya majivu.

(b) Shambani. Hapana achumaye mkarafuu mrefu bila ya mwenziwe chini. Tafuta mwenzako atakaye kuacha, mwache pamoja. Tamaa ikija, mwite. Kunyweni maji, zungumzeni, dakika zipite. Wako watafunao punje moja ya karafuu ili mdomo uwe na kazi. Hilo si dawa, ni shughuli ya mdomo tu.

(c) Zahanati au kituo cha afya. Usingoje kuugua. Sema neno moja tu: "Nataka kuacha sigara, nisaidie." Muongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 wawataka watu wa afya kumpa kila mvutaji ushauri, hata kama ni wa dakika moja au mbili. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au akohoaye damu, na aende upesi akapimwe. Daktari akiona haja, atakupeleka hospitali kubwa: Abdalla Mzee kule Mkoani, Chake Chake au Wete kwa Pemba, Mnazi Mmoja kwa Unguja, na kwa jamaa zetu walioko Mwanza, Bugando. Walioko Bara waweza pia kupiga simu 199 ya Wizara ya Afya, bila ya malipo.

(d) Dawa. Viko vibandiko vya ngozi na chingamu vyenye nikotini kidogo, visivyo na moshi, vya kumsaidia mtu ashuke ngazi polepole. Vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na mwaka 2021 vidonge vya vareniklini viliongezwa. Dawa hizi hazipatikani kila mahali, na bei yake si ndogo, basi muulize daktari kwanza. Mwenye mimba au maradhi ya moyo asitumie bila ya kuulizwa hali yake.

(e) Msikitini na barazani. Mwezi wa Ramadhani tumekwisha kushinda nusu ya kazi. Mwombe imamu au mzee wako akuulizie khabari yako kila Ijumaa. Usipoulizwa, utajisahau.

5. KAZI YA WASIOVUTA

Usimcheke aliyerudi. Wengi hujaribu mara kadha kabla hawajafaulu. Usimtume mtoto dukani kununua sigara, wala usimkaribishe mgeni kwa pakiti. Na penye majamvi ya karafuu na makonyo makavu, usiruhusu moto wa sigara hata kidogo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MATAWI

1. Kwa nini anayeacha kwa siri hurudi upesi?
2. Tamaa ya sigara hukaa muda gani, na mtu afanye nini katika muda huo?
3. Kwa nini sigara ya karafuu si salama?
4. Chai ilikuwa adui wa mwandishi. Adui wako ni nini: chai, bao, hasira, au kungojea?
5. Kila mvutaji ataje mtu mmoja atakayemwambia kabla ya Ijumaa ijayo.

Swali la tano lisijibiwe kwa kalamu. Lijibiwe kwa mdomo, mbele ya wenzako.